Somo la Kumi na Mbili: Historia ya Sumu Iliyolala Ghalani

Natumaini taa imekwisha washwa, na mwalimu wenu ameandika tarehe ubaoni. Asiye na kalamu aazime kwa jirani yake, maana leo tutafanya na hesabu kidogo.

Watu wengi wakisikia neno historia hufikiri habari za wafalme, vita na mikataba. Hizo ni historia kweli. Lakini ugali nao una historia yake, na karanga zina historia yake, na hata uchafu mdogo wa rangi ya kijani unaouona kwenye gunzi la hindi una historia. Leo nataka kuwasimulia habari za uchafu huo. Umepita Kongwa, Uganda na London, umepita Ukambani, kisha ukarudi hapa kwetu katika nchi ya kati na kuua watu.

Tuanze na habari za karibu, ambazo baadhi yenu mnazikumbuka. Mwaka 2016, baina ya mwezi wa Mei na mwezi wa Novemba, watu walianza kuugua katika vijiji vya Chemba na Kondoa, na kwa jirani zetu wa Kiteto katika Mkoa wa Manyara. Macho yao yaligeuka manjano. Walitapika, matumbo yakavimba, na wengine wakavimba miguu. Watoto walikuwamo. Katika nyumba nyingine aliugua zaidi ya mtu mmoja, tena waliokula chungu kimoja. Mwanzoni ugonjwa haukuwa na jina. Nanyi mnajua mambo yalivyo kijijini: ugonjwa usio na jina hupewa jina upesi, na mara nyingi jina hilo ni la jirani fulani. Ndiyo maana nasema jina sahihi la ugonjwa ni kitu kikubwa. Huponya hata ujirani.

Walioandikwa kuwa wameugua walikuwa 68. Waliokufa walikuwa 20. Chukueni kalamu. Gawanyeni 20 kwa 68. Mtaona kwamba katika kila watu 10 walioshikwa, karibu 3 hawakupona.

Waganga wa serikali na wataalamu wa chakula walikwenda vijijini, wakauliza watu wanakula nini, wakachukua mahindi majumbani na kuyapima. Mahindi hayo hayakuwa ya dukani wala ya msaada. Yalikuwa mahindi ambayo wenyewe waliyalima na kuyavuna. Ndani yake ilikutwa sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili chetu siku hizi twaiita sumukuvu, yaani sumu itokayo kwenye kuvu. Ndiyo, kuvu ile ile iotayo juu ya mkate uliolala au ngozi iliyonyeshewa, ingawa ni ya aina yake.

Sasa hesabu ya pili. Viwango vya nchi yetu vinataka sumukuvu ya namna hii isizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni 1 za chakula. Bilioni ni neno gumu, basi tulifanye gunia. Gunia la mahindi la kilo 100 lina punje kama 300,000. Sehemu 10 katika bilioni ni sawa na punje 1 katika magunia 330 hivi. Yapangeni magunia hayo akilini, yajaze lori zima na zaidi, halafu itafuteni punje moja. Ndicho kipimo kinachoruhusiwa, na juu ya hapo ni hatari. Katika baadhi ya nyumba za wagonjwa wa mwaka 2016 kipimo hicho kilizidishwa mara maelfu.

Je, babu zetu waliijua sumu hii? Jina hawakulijua. Lakini chakula chao kikuu hakikuwa mahindi. Mgogo wa kale alikula mtama na uwele, akaukausha juu ya dari ya tembe, ambayo ni tambarare kama uwanja, jua likipiga toka asubuhi hadi jioni. Mtama na uwele huweza kupata kuvu pia, tusidanganyane, lakini mazao ambayo kuvu hii huyapenda kuliko yote ni mahindi na karanga. Mahindi yalipozidi kuenea katika nchi ya kati watu waliyapenda kwa sababu nzuri. Gunzi limefunikwa, ndege hawalimalizi, basi watoto hawakai shambani siku nzima kuwafukuza kweleakwelea. Unga wake ni mweupe na sokoni unauzika. Sina haki ya kumlaumu mtu kwa kupenda mahindi, kwani mimi mwenyewe nilikula ugali wa mahindi jana usiku.

Kuna jambo jingine la kale ambalo lazima niliseme, maana bila hilo hamtaelewa ugumu wa somo hili. Wazee wa Ugogo bado wanataja njaa ya Mtunya, ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, yaani mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka, yakachukua na wanaume kuwa wapagazi. Mvua zikakosa. Homa kali ya mafua ya mwaka 1918 nayo ikapita. Watu walikufa kwa maelfu. Nchi iliyopita katika njaa kama hiyo hufundisha watoto wake kwamba nafaka haitupwi. Punje iliyoanguka huokotwa. Hindi lenye doa hupanguswa, likatiwa kinuni. Basi anapokuja Bwana Shamba kutoka mjini na kusema, "Mahindi yenye kuvu yatupeni," husema maneno ya kweli, lakini husema upesi mno. Hajui anapambana na nani. Anapambana na Mtunya.

Sasa twende Kongwa. Wengi wenu mmesikia habari za mashamba ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na shida ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 wakubwa wa huko walipanga kulima karanga Afrika Mashariki, zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa hapa Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947 hapo Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Walileta matingatinga, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mvua hazikutii mpango. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, na majembe ya matrekta yaliliwa na mchanga wake mkali. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilikubali kwamba mpango umeshindwa, na pauni kama milioni 36 zilikuwa zimekwenda.

Habari hizo husimuliwa kama kichekesho, nami nimecheka pamoja na wenzangu. Lakini tazameni neno moja ambalo wachekaji hulipita. Karanga huzaa chini ya ardhi. Ardhi ikikauka na kuwa ngumu, karanga hukwama humo, hazing'oki, nazo huendelea kukaa katika joto na kiu. Kuvu tunayoizungumza hukaa udongoni. Mmea ulioumia kwa ukame, na tunda lililochelewa kuvunwa, ndio mlango wake. Wataalamu wa mashamba yale walijua ugonjwa wa kudumaza karanga, ule unaoenezwa na vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu. Huo walipambana nao. Kuhusu sumukuvu hawakupima kitu, maana hapakuwa na mtu duniani aliyejua kwamba ipo.

Ilijulikana miaka kumi baadaye, tena kwa njia ya ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 katika nchi ya Uingereza bata mzinga walianza kufa. Walikufa zaidi ya 100,000 kwa miezi michache. Waganga wa mifugo hawakuona mdudu wa ugonjwa wa kuambukiza, wakauita ugonjwa wa X, yaani ugonjwa usiojulikana, kama vile katika hesabu tuandikavyo X mahali pa namba tusiyoijua. Wakatazama wapi ndege wanakufa na wapi hawafi. Wakaona kwamba wanaokufa wamelishwa chakula chenye mashudu ya karanga, na mashudu yale yalitoka Brazili.

Ingeweza kuwa habari ya Brazili tu. Lakini karibu na wakati ule ule vifaranga vya bata walikufa Kenya na Uganda, na hao walilishwa mashudu ya karanga za huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1961 wataalamu wa Uingereza walichukua karanga zenye sumu zilizotoka Uganda, wakaotesha kuvu iliyokuwamo, nayo ikatoa sumu ile ile. Hivyo mwizi alikamatwa London akiwa ndani ya karanga ya Uganda. Kuvu hiyo kwa Kilatini huitwa Aspergillus flavus.

Ninyi mliokwisha kujifunza herufi, andikeni jina hilo la Kilatini kwenye daftari. Chukueni A ya neno la kwanza. Chukueni fla ya neno la pili. Ongezeni neno toksini, maana yake sumu. Mmepata nini? Aflatoksini. Majina ya wataalamu hutisha, lakini mengi yameundwa hivi hivi, kwa vipande, kama kibanda cha miti. Tena sumu hiyo ikimulikwa kwa taa maalumu yenye miali isiyoonekana kwa macho yetu, aina moja hung'aa buluu na nyingine hung'aa kijani. Wakaziita B na G, herufi za kwanza za majina ya rangi hizo kwa Kiingereza. Ile ya B ndiyo kali zaidi.

Baada ya bata, ikaja zamu ya watu kuonekana. Mwaka 1974 huko India, katika majimbo ya Rajasthan na Gujarat, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi yenye kuvu, na mbwa waliokula makombo ya nyumba zile walikufa pia. Mwaka 1981 ilitokea Machakos nchini Kenya, watu 12 wakafa. Mwaka 2004 ikatokea tena huko huko Ukambani, hasa Makueni na Kitui, na safari hii waliugua watu 317 na wakafa 125. Mahindi yalivunwa mvua ikinyesha, yakawekwa yangali na maji ndani ya nyumba za kulala. Ukambani na Ugogo ni nchi zinazofanana. Mvua chache, ukame wa mara kwa mara, na mtu anayelala pamoja na mahindi yake. Habari za mwaka 2004 zilitangazwa katika redio na magazeti. Sisi tulizisikia kama habari za ng'ambo ya mpaka. Miaka 12 ikapita.

Nakiri jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa mtoto, kazi yangu ya jioni ilikuwa kubangua karanga, na vidole viliuma. Basi tulikuwa tukizinyunyizia maji na kuzifunika kwa gunia mpaka asubuhi, maganda yalainike. Kila nyumba ilifanya hivyo. Nilisoma shule, nikapata diploma yangu, nikawa ofisa wa elimu, na bado sikujua kwamba kwa kulowesha zile karanga tulikuwa tunaitandikia kuvu kitanda. Nilikuja kuambiwa na mama mmoja katika darasa la watu wazima wilayani Kongwa, ambaye alikuwa amehudhuria mafunzo ya kilimo. Mimi ndiye niliyekwenda kumfundisha kusoma.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba hujificha. Mkulima wa mpunga kule Bahi, shamba lake likiingiwa na ukungu wa mpunga, huona madoa kwenye majani, huona shingo ya suke imekatika na suke limekuwa jeupe bila punje. Ni hasara kubwa, lakini hasara inayosema wazi. Sumukuvu haina ladha wala harufu yake yenyewe. Hindi laweza kuonekana zuri nayo imo ndani. Kupika hakuiondoi, kwa kuwa moto wa jikoni hauitoshi. Kuchachusha pombe hakuiondoi. Nalisema hili la pombe kwa makusudi, kwa sababu najua, nanyi mnajua, punje mbovu huenda wapi baada ya mama kuzichambua. Haziendi shimoni, huenda kwenye mtungi. Au hupewa kuku. Au hupewa ng'ombe wa maziwa, kisha sehemu ya sumu hurudi katika kikombe cha mtoto.

Tena wale 68 ni wale waliokula nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi haanguki, lakini ini lake huumia polepole, na anaweza kupata saratani ya ini, hasa kama ana na homa ya ini ya aina ya B. Hao hawahesabiwi katika taarifa ya msimu wowote.

Mwaka 2018 nchi yetu iliidhinisha dawa ya shambani ya kupambana na kuvu hii, iitwayo Aflasafe. Nataka mwelewe inavyofanya kazi, maana ni akili ya kupendeza. Katika udongo wetu wenyewe kuna kuvu za ukoo ule ule zisizoweza kutengeneza sumu. Wataalamu walizitafuta hapa hapa Tanzania, wakazichagua, wakazipaka juu ya punje za mtama zilizokaangwa ili zisiote. Mkulima hutawanya punje hizo shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, kilo 4 kwa ekari, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu njema huota kwanza, zikakalia nafasi, na kuvu mbaya hukuta nyumba imejaa. Nilipoelezwa habari hii nilicheka. Mtama, chakula cha mababu zetu, ambacho vijana wanakiita chakula cha zamani, ndio umebebeshwa dawa ya kuponya mahindi. Tena wilayani Kongwa, katika kijiji cha Mtanana, serikali ilijenga kituo cha kushughulikia mazao baada ya mavuno kwa ajili ya vita hii hii. Ni mwendo mfupi kutoka kwenye mashamba yale ya karanga ya mwaka 1947.

Lakini dawa ya shambani hailindi mahindi yanayolazwa chini penye unyevu. Yaliyobaki ni ya mikono yetu. Mahindi yakikomaa yavunwe, yasiachwe yakingoja harusi au msiba wa mjomba. Yaanikwe juu ya turubai au kichanja, wala si juu ya udongo mtupu, kwani udongo ndio nyumbani kwa kuvu. Wakati wa kupukuchua, punje zisipondwe kwa fimbo hovyo, maana punje iliyopasuka imefunguliwa mlango. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizoliwa na wadudu zichambuliwe, na hapo ndipo panapouma. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, nikitupa debe moja, watoto watakula nini mwezi wa pili?" Sikuwa na jibu la upesi. Nikamwambia kwamba debe lile akiliacha ndani, laweza kuchafua mengine yote aliyonayo. Alinyamaza. Sijui alifanyaje.

Mtu wa pili aliniuliza habari ya kukoboa. Ni kweli kwamba kukoboa hupunguza sumu, kwa sababu nyingi hukaa katika ganda na kiini. Lakini hupunguza tu, haimalizi, na Bwana Afya naye anatuhimiza kula dona kwa sababu ina nguvu. Wote wawili wana haki. Mahindi safi, kula dona yake kwa raha. Mahindi yenye mashaka, usidhani sembe itakuokoa, na pumba zake usimpe kuku.

Sasa kazi ya darasa. Mwalimu wenu atakuwa na chupa ya kioo iliyo kavu, yenye kifuniko, na chumvi kavu. Kila mmoja alete kiganja cha mahindi kutoka nyumbani kwake, kutoka katikati ya gunia na si juu. Tieni mahindi ndani ya chupa mpaka theluthi moja, ongezeni vijiko vichache vya chumvi, fungeni, tikiseni dakika moja. Kisha iacheni mezani dakika 15, na wakati huo someni tena kwa sauti ukurasa wa kwanza wa somo hili, kila mtu sentensi moja. Mkimaliza, itazameni chupa. Kama chumvi imeganda kwenye kioo, mahindi hayo hayajakauka, na mwenyewe ayatandaze juani kesho asubuhi. Kama chumvi imetulia chini, mahindi yamekauka vya kutosha kuingia ghalani. Andikeni majibu yenu katika daftari: jina, tarehe, na neno moja tu, imeganda au haikuganda.